Mifupa Yenu Haiogopi Mateke, Inaogopa Njaa

Kila nikipandisha video ya watoto wakifanya taekwondo, kuna swali lazima lije. Siku nyingine linatoka kwa masa wa mtu. Siku nyingine linatoka kwa msee wa sekondari ambaye budake amekataa katakata ajiunge na klabu. "Hiyo kitu si itamharibu mifupa?" "Si atabaki mfupi?" "Si miguu itapinda?"

Nimechoka kujibu mmoja mmoja, kwa hivyo naandika mara moja, halafu nikiulizwa tena nitakuwa natuma hii.

Msimamo wangu ni huu: hofu yenu iko mahali si pake. Kupiga teke, kuruka, kuangushwa kwenye mkeka ukainuka tena, hayo yote kwa kijana wa miaka 12 hadi 18 yanajenga mfupa. Kinachobomoa ni kitu ambacho hakuna mzazi amewahi kuniuliza hata siku moja. Ni yule kijana anayelala njaa wiki nzima ndio Jumamosi asubuhi mizani isome kilo ambazo kocha anataka.

Mimi si daktari. Chuo niliacha mwaka wa pili, hiyo stori mnaijua na leo siirudii. Lakini kusoma sikuacha, na hii mada nimeisoma vizuri juu nafanya mazoezi na hawa watoto kila wiki na sitaki kuwapotosha.

Mfupa si nondo

Wengi wetu tunafikiria mfupa ni kama nondo ndani ya zege. Umewekwa, umekauka, imeisha. Sivyo. Mfupa una damu, una neva, una seli. Kuna seli kazi yake ni kula mfupa uliozeeka, na kuna nyingine kazi yake ni kuweka mpya pale palipoliwa. Zinafanya kazi usiku na mchana, hata sasa ukisoma hii ukiwa ndani ya mat. Ukiwa mtoto na kijana, wajenzi wanawashinda wabomoaji. Ukiwa mtu mzima wanaenda sare. Ukizeeka, wabomoaji wanaongoza.

Sasa skiza hesabu, juu hapa ndipo mambo yako. Kufikia miaka 18 kwa msichana na miaka 20 kwa mvulana, hadi asilimia 90 ya mfupa wote utakaowahi kuwa nao huwa umeshawekwa. Na hauwekwi kidogo kidogo kila mwaka sawasawa. Karibu robo ya mfupa wa mtu mzima huingia ndani ya miaka 2 tu, ile miaka ya kurefuka ghafla, wakati suruali ya shule inakuwa fupi kabla muhula haujaisha. Kwa wasichana hiyo ni karibu miaka 12 na nusu. Kwa wavulana ni karibu 14.

Robo. Miaka miwili. Ukikosa hapo, hakuna mahali pa kuirudishia yote.

Ichukue kama akaunti ya akiba ambayo inapokea pesa nyingi ukiwa kijana, halafu baada ya miaka ya ishirini na kitu inafunga dirisha la kuweka. Kutoka hapo unatunza ulicho nacho, na baadaye unaanza kutoa ukipenda usipende. Kila mtu hapa ana shosho ama jirani mzee aliyeteleza bafuni, akavunjika nyonga, na tangu siku hiyo hajawahi kutembea vizuri. Tunasema ni uzee. Uzee upo, lakini hesabu ya huo mfupa ilianza kuandikwa akiwa msichana.

Waswahili walisema samaki mkunje angali mbichi. Mfupa pia.

Mfupa unasikia nini

Mwaka 1892 daktari mpasuaji Mjerumani anayeitwa Julius Wolff alichapisha kitabu kuhusu vile mfupa hubadilika kufuatana na mzigo unaobeba. Ukiupa kazi, unajiimarisha mahali kazi iko. Ukiunyima kazi, unapungua. Ndio maana mkono ukikaa kwenye plasta wiki sita, mfupa wake pia unapungua.

Ushahidi mtamu zaidi uko kwenye tenisi, juu mchezaji anatumia mkono mmoja kupiga, na ule mwingine unabaki wa kulinganisha. Mtu ni yule yule, chakula ni kile kile, wazazi ni wale wale. Watafiti wa Ufini walipima wanawake wanaocheza tenisi na skwoshi, wakachapisha matokeo 1995. Mkono wa raketi ulikuwa na mfupa mzito kuliko mwenzake. Lakini kilichonishika ni hiki: walioanza kucheza kabla ya kupata hedhi ya kwanza, ama karibu na wakati huo, walipata faida takriban mara mbili ya walioanza baadaye. Mchezo ni huo huo. Tofauti ni umri wa kuanza.

Halafu mfupa huchagua. Waogeleaji wanafanya mazoezi masaa mengi kuliko karibu kila mtu, na bado wakipimwa, mifupa yao mara nyingi haizidi ya watu wasiofanya mchezo wowote. Waendesha baiskeli vivyo hivyo. Ni kwa nini? Maji yanambeba mmoja, kiti kinambeba mwingine. Moyo unanoga, mapafu yananoga, lakini mfupa haujasikia kitu. Mfupa unasikia mshtuko. Unasikia nguvu inayokuja haraka, kutoka upande ambao haukutarajia, ukibeba uzito wako mwenyewe.

Sasa ingia dojo yoyote uhesabu. Mtoto anaruka kamba. Anatua kwa mguu mmoja, anazunguka, anapiga pedi. Kwenye judo anavutwa, anavuta, anainua mtu wa kilo zake, anaangushwa ubavu, anaamka. Ndani ya saa moja mguu, nyonga, uti wa mgongo na mikono imepata mshtuko kutoka kila upande. Si ajabu kwamba wanajudo wakipimwa wanatokea kuwa kati ya wanamichezo wenye mifupa mizito. Kule Tunisia walipima vijana wa michezo ya mapigano, na picha ilikuwa hiyo hiyo: mifupa yao ilizidi ya vijana wenzao wasiofanya mazoezi.

Na kuna kitu kingine ambacho makocha wengi wangefaa kujua. Utafiti kwa wanyama umeonyesha kwamba mfupa ukishapata mishtuko kadhaa, unaacha kusikia. Ukizidi kuupiga ni kama kumpigia simu mtu aliyelala. Ukiupumzisha masaa machache, masikio yanafunguka tena. Kwa hivyo kama lengo ni mfupa, kuruka mara chache asubuhi na mara chache jioni kunaweza kushinda kuruka mara mia tano kwa mpigo. Yule kocha anayefikiria adhabu ya kuruka hadi mtu atapike inakomaza mifupa, hakomazi mifupa. Anakomaza sifa zake.

Na urefu je?

Hii ndiyo inawanyima wazazi usingizi. Wacha tuimalize.

Mifupa mirefu ya mikono na miguu hurefukia kwenye ncha zake, mahali pana tabaka la gegedu laini. Ukimaliza kubalehe, hilo tabaka linageuka mfupa na urefu unakwama hapo. Ni kweli kwamba mtoto akivunjika haswa kwenye hilo tabaka, na asitibiwe vizuri, mguu ama mkono unaweza kukua vibaya. Hilo halina mjadala. Lakini unaweza kuvunjika hapo ukicheza kandanda, ukianguka kutoka kwa mwembe, ama ukibebwa na boda ya msee asiyejali mashimo. Hakuna anayesema tukate miembe.

Mazoezi ya kawaida, yenye mkeka na mtu anayejua kufundisha, hayamfupishi mtoto. Urefu unatoka kwa wazazi, kwa chakula, na kwa afya ya utotoni. Kama babako ni mfupi na mamako ni mfupi, tafadhali usimsingizie kocha.

Kuna tahadhari moja ya kweli hapa. Wakati wa kurefuka ghafla, urefu hutangulia na madini hufuata nyuma miezi kadhaa. Katikati hapo una mfupa mrefu ambao bado haujajaa. Huo ndio wakati watoto huvunjika mikono sana, hata wasiofanya mchezo wowote. Kocha mwenye akili akiona kijana ameongeza urefu ghafla hamfukuzi. Anampunguzia kuangushwa kwenye sakafu ngumu, anamfundisha kuanguka vizuri, na anangoja mfupa umfikie mwenye mfupa. Na hiyo ya kujua kuanguka ni mali ya maisha yote. Judo inaifundisha kabla haijakufundisha kumwangusha mtu yeyote.

Sasa nyinyi mnaonitumia video mkigonga miguu na chupa, na mgomba, na nguzo ya stima. Wacheni. Mmeona mabingwa wa muay thai wakivunja vitu kwa muundi, mkafikiria siri ni maumivu. Siri ni miaka. Ni maelfu ya mateke kwenye mfuko na pedi, mfupa ukijipanga upya, kazi ambayo kwa kila awamu inachukua miezi. Ngumi mia tatu ukutani ukiwa na miaka 14 zinaumiza viungo vya vidole ambavyo havijamaliza kukua. Kuvunja matofali ili tupate video pia ni hapana. Mimi sitaposti, msinitumie.

Na kichwa ni habari tofauti kabisa. Kila nilichosema kuhusu mshtuko kuwa mzuri kinaishia shingoni. Mwaka 2011 madaktari wa watoto wa Marekani na wa Kanada walitoa taarifa ya pamoja kupinga ndondi kwa watoto na vijana, juu lengo la ndondi ni kumpiga mwenzako kichwani. Mfupa ukivunjika unaunga. Ubongo haupigwi plasta. Ukitafuta klabu ya mtoto, uliza kwanza: hapa watoto wanapigana vichwani? Wakisema ndiyo, toka.

Sasa tuongee kuhusu mizani

Mwaka jana nilienda kushuti mashindano ya vijana hapa jijini. Sitataja klabu wala mashindano, juu haya yako mahali pengi. Nje ya ukumbi nilipata kijana, sidhani amefika 15. Alikuwa amevaa mfuko mweusi wa takataka ndani ya hudi, anapanda ngazi mbio, anashuka, anapanda. Mkononi alikuwa na chupa ya maji tupu ambayo anatemea mate. Nikamuuliza amekula lini. Akasema Alhamisi mchana. Hii ilikuwa Jumamosi. Na kabla ya hapo, wiki mbili alikuwa anakula nusu sahani.

Alipopita kwenye mizani, watu walimpigia makofi.

Ile video ninayo na siwezi kuiposti, yule ni mtoto wa mtu. Lakini makofi bado nayasikia.

Hebu tuelewane vile inafanya kazi. Maji unayotoa kwa jasho siku moja hayaondoi mfupa. Hayo yana hatari yake nyingine, kwa moyo na kwa figo, na yameshawahi kuua watu wazima kwenye michezo hii. Kinachogusa mfupa ni zile wiki za njaa. Mwili ukiona nishati inayoingia haitoshi kazi inayofanywa, unaanza kupanga matumizi kama nyumba ambayo mshahara umechelewa. Moyo na ubongo vinalipwa kwanza. Kukua, kuzaa na kujenga mfupa vinaambiwa vingoje. Homoni zinazoamuru ujenzi zinashuka, na wabomoaji hawana likizo.

Na haichukui muda mrefu. Mwaka 2004 ulichapishwa utafiti wa Marekani ambapo wanawake vijana wenye afya walipunguziwa nishati kwa siku 5 tu. Dalili za ujenzi wa mfupa kwenye damu yao zilishuka. Siku tano! Hiyo ni chini ya ile "wiki ya kushusha" ambayo vijana wetu wanafanya kabla ya kila mashindano. Sasa zidisha mara nne ama tano kwa mwaka, kwa mtu ambaye yuko katikati ya ile miaka yake miwili ya robo.

Ona ujinga wake. Mguu unapiga pedi, mshtuko unaenda kwa mfupa kusema jenga hapa. Mfundi ameitwa, amefika na mwiko wake. Lakini saruji haijaletwa. Tena kuna mtu anapita akitoa matofali ya jana.

Kwa wasichana mwili hutoa onyo wazi, nalo ni hedhi kuchelewa ama kupotea. Na hapo ndipo nakasirika zaidi, kwa sababu kwenye klabu nyingi hilo linachukuliwa kama kawaida, wengine hata wanasema ni ishara uko fiti. Si ishara ya kuwa fiti. Ni mwili unasema pesa imeisha. Homoni ileile inayoleta hedhi ndiyo inayolinda mfupa. Ikikosekana miezi mitatu, hiyo ni safari ya hospitali, si ya kusherehekea. Na si mambo ya wasichana peke yao: mwaka 2014 Kamati ya Olimpiki ya Kimataifa ilisema wazi kwamba upungufu huu wa nishati unawaumiza wanamichezo wa kiume pia. Wavulana tu hawana kalenda ya kuwaonya.

Msiseme haya ni mambo ya wazungu. Mwaka 2016 ulichapishwa utafiti kuhusu wasichana wakimbiaji wa Kenya, wale chipukizi tunaowasubiri waje kutuletea dhahabu. Ulionyesha wako hatarini kukosa nishati ya kutosha na hedhi zao kuvurugika. Kama ni hivyo kwa riadha, mahali hakuna mizani mlangoni, hebu fikiria kwa mchezo ambao mizani ndiyo tiketi ya kuingia.

"Lakini mabingwa wote hufanya hivyo"

Najua mtaniambia hivyo. Na ni kweli wengi hufanya. Lakini bingwa unayemwona kwenye YouTube ana miaka 27, mfupa wake ameshauweka benki, na ana daktari na mtu wa lishe wanaomfuata kama kivuli. Wewe una miaka 14, una kocha na mfuko wa takataka.

Pia mtasema, "Nikipanda kategoria nitapigwa na wakubwa." Hiyo ni hoja ya haki, siipuuzi. Kwenye Olimpiki taekwondo ya wanawake ina kategoria nne tu: hadi kilo 49, hadi 57, hadi 67, na zaidi ya 67. Msichana wa kilo 59 anaona kilo mbili tu za kushuka, ama apigane na mtu wa 67. Ni mtihani. Lakini kwa vijana kategoria ni nyingi na ziko karibu karibu. Tofauti kati ya moja na inayofuata mara nyingi ni kilo nne hivi, na mtoto anayekua atazipanda hizo kilo nne kabla ya Krismasi, upende usipende. Unapigana na mwili ambao kazi yake mwaka huu ni kuongezeka.

Na mtu asikuambie huwezi kufika mbali bila kujikondesha. Faith Ogallo aliiwakilisha Kenya kwenye taekwondo katika Olimpiki ya Tokyo, akiwa kwenye kategoria ya zaidi ya kilo 67. Ile haina dari. Unakula, unafanya mazoezi, unaingia.

Na kama doh ya chakula haipo?

Hapa sitaki kuongea kama mtu anayeishi kwa tangazo la maziwa. Najua nyumba ambapo kiamsha kinywa ni strungi na mandazi, na chakula cha mchana ni hadithi. Kwa hivyo tuongee vitu vya soko letu.

Kijana wa miaka 9 hadi 18 anashauriwa apate kama miligramu 1,300 za kalsiamu kwa siku. Kikombe cha maziwa kinakupa kama 300. Mala ni maziwa pia. Wimbi ni mashine: gramu 100 za unga wake zina zaidi ya miligramu 300, na uji wa wimbi haujawahi kuwa chakula cha matajiri. Omena ukiila mzima, kichwa na mifupa yake, bila kuchambua chambua, unakula mifupa ukijenga mifupa. Na protini iko hapo hapo. Sukuma wiki inatoa kalsiamu ambayo mwili unaipokea vizuri, kuliko mchicha, kwa sababu mchicha una kemikali inayoishikilia kalsiamu isiingie. Maharagwe, ndengu na mayai boilo ya jioni pale steji pia vinaingia kwenye hesabu. Halafu jua. Vitamini D inatengenezwa na ngozi ikipigwa na jua, na ndiyo inayosaidia kalsiamu kuingia mwilini. Jua ni la bure, toa hudi kidogo.

Lakini kabla ya orodha yote hiyo, kitu cha kwanza ni kiasi. Kula kushiba. Huwezi kutatua njaa kwa omena kijiko kimoja. Na kama klabu inaweza kuchanga pesa za medali na fulana, inaweza kuchanga pesa za sufuria ya uji baada ya mazoezi. Hilo ni jambo ambalo ningependa kulishuti na kuliposti bila kuficha jina la mtu.

Kwa wazazi wa wasichana

Nyinyi ndio mnakataza sana. Ati mapaja yatakuwa makubwa. Ati atakuwa kama mwanamume. Ati nani atamuoa.

Sikizeni, kwa heshima. Kwa wastani mwanamke huanza na mifupa midogo kuliko ya mwanamume, na hedhi ikikoma huko mbele, mfupa wake hupungua kwa kasi kwa miaka kadhaa. Mwanamke ndiye mwenye akaunti itakayotolewa pesa nyingi zaidi uzeeni. Sasa nani anahitaji kuweka zaidi akiwa na miaka 12? Tunawapeleka wavulana uwanjani na tunawaweka wasichana jikoni katika ile ile miaka miwili ambayo dirisha liko wazi. Halafu miaka hamsini baadaye tunauliza kwa nini shosho ndiye anavunjika, na guka bado anapanda mlima.

Mpeleke msichana wako. Nenda ukaone mkeka upo, kocha hagombi ovyo, watoto hawapigani vichwani, na kuna mtu mzima mwingine anaona kinachoendelea. Halafu mwache aruke.

Ninachotaka

Kwa makocha: mwandikishe mtoto kwenye kilo alizoamka nazo. Kama wapinzani wa kategoria hiyo ni wagumu, mfundishe zaidi, hiyo ndiyo kazi unalipwa. Wanaoandaa mashindano ya vijana wanaweza kusaidia leo leo bila sheria mpya kutoka popote: mtoto akionekana mlangoni na mfuko wa takataka, apewe maji na asipigane siku hiyo. Wakijua hivyo, mifuko itaisha.

Kwa wazazi: mmekuwa mkiuliza kuhusu teke. Kuanzia leo ulizeni kuhusu sahani. Mtoto akianza kukataa chakula wiki ya mashindano, hiyo si nidhamu ya mwanamichezo. Pigia kocha simu.

Na kwako wewe unayesoma hii ukiwa na miaka 13, 15, 17: endelea kupiga mateke. Ruka, anguka, amka, rudi tena kesho. Uko katika miaka ambayo mwili unakubali kupewa vitu ambavyo baadaye utakataa. Ukiulizwa una kilo ngapi, sema ukweli. Na mtu akikuambia usile ndio upungue, muulize kwa adabu: huo mfupa unaoukopa kwangu leo, utaulipa lini?